Mtu wa Mwisho Kupita Lango

Siku ile kazi yangu ilikuwa moja tu. Kutembea nyuma ya watu wote na kufunga malango.

Desmond, kiongozi wetu, alinivalisha reflekta, kile kizibao cha kung'aa cha rangi ya chungwa, tukiwa bado ndani ya basi, kabla hatujafika Ravensett. Alikuwa amestaafu kazi ya kupeleka barua, na bado alitembea kama mtu anayefukuzwa na mbwa.

"Haya, Hattie. Leo wewe ndiye mkia," alisema. "Mtu asibaki nyuma yako. Kondoo akitoroka, nakuuliza wewe. Mzee akipotea, nakuuliza wewe. Mimi nikitumbukia shimoni, nakuuliza wewe vilevile."

"Wewe ukitumbukia shimoni tunapiga makofi," alisema Pauline kutoka kiti cha nyuma. Basi zima likacheka, na dereva naye.

Tulikuwa watu kumi na mmoja. Wote wazee isipokuwa mimi. Kila Jumatano tulipanda basi la saa tatu asubuhi kutoka Aldersby mpaka linapoishia, juu kabisa bondeni. Hapo tulishuka, tukatembea kwa miguu kutwa nzima hadi kijiji kingine, na jioni tukapanda basi la kurudi. Hakuna aliyekuja na gari. Ndiyo ilikuwa raha yenyewe, kuanzia mahali pamoja na kumalizia pengine. Lakini ilikuwa na masharti yake. Basi la mwisho likikuacha, umeachwa. Milimani kule simu haishiki, na hakuna wa kuja kukuchukua.

Mimi niliingia kundini kwa sababu ya bibi yangu, Bibi Winnie. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Shule nilikuwa nimeacha mwaka mmoja nyuma ili nimuuguze mama, na mwezi wa nne mama akafariki. Baada ya hapo nilikuwa nashinda kitandani nikitazama dari. Siku moja Bibi alinitupia viatu vya mlimani kifuani.

"Vaa. Huzuni haipigwi ukiwa umelala."

"Bibi, sitaki."

"Mimi nimekuuliza kama unataka?"

Tangu siku hiyo nilikwenda. Nilikuwa sina mtu mwingine duniani zaidi yake. Goti lake lilikuwa bovu, sikio la kushoto lilikuwa bovu, lakini alikuwa wangu, na kila jioni alipolala nilikuwa nasimama mlangoni kusikiliza kama anapumua.

Hivyo siku ile Desmond aliponivalisha ile reflekta, mimi nilijua hasa nani nitamchunga.

Njia yetu ilikuwa Njia ya Majeneza. Zamani watu wa Ravensett hawakuwa na makaburi yao. Mtu akifa huko juu, walimbeba mabegani mwendo wa karibu saa nne hadi kanisa la Thornskell, huko chini. Njiani kuna mawe mapana, bapa kama meza, ambapo wabebaji walitua jeneza wakapumzika. Sisi tulikaa kwenye jiwe mojawapo kula mikate yetu. Hakuna aliyejali. Ni jiwe zuri la kukalia, halina unyevu.

Ulikuwa mwezi wa kumi na moja. Saa saba mchana jua lilikuwa tayari limechoka.

"Mnajua anayezikwa mwisho hapati kulala?" alisema Bibi huku akimimina chai kwenye kifuniko cha chupa. Yeye alizaliwa Ravensett. "Mama alikuwa akituambia. Maiti wa mwisho kuingia makaburini ndiye anayesimama zamu langoni. Anasimama hapo, mvua, theluji, mpaka aletwe mwingine. Yule mwingine akiingia nyuma yake, yeye ndiyo analala. Ndiyo maana wakiwa na misiba miwili siku moja, wabebaji walikuwa wakikimbizana. Kila ukoo unataka wa kwao atangulie."

"Wakikimbia na majeneza?" aliuliza Pauline.

"Wakikimbia. Mara moja waliliangusha moja. Wakapigana ngumi pale pale langoni, kasisi akiwa katikati."

"Hao ndio ndugu wa kweli. Wangu mimi wataniacha kituoni."

Wote walicheka. Desmond alipangusa makombo kwenye ndevu zake.

"Basi huyo wa zamu wa Thornskell ana taabu," alisema. "Makaburi yale yalijaa, yakafungwa. Hawajazika mtu pale tangu mimi nikiwa mtoto. Nani atampokea?"

Watu walicheka tena. Bibi hakucheka. Alitazama chini ya bonde, mahali ambapo ukungu ulikuwa unaanza kupanda.

"Ndiyo," alisema polepole. "Hilo sikuwahi kulifikiria."

Tulipoondoka kwenye lile jiwe, ukungu ulikuwa umetufikia magotini. Baada ya robo saa ulikuwa umetumeza. Bibi alikwenda mbele na Desmond kwa kuwa njia ile aliijua hata akifumba macho. Mimi nikabaki nyuma. Mbele yangu niliona mgongo wa Pauline, na mbele ya Pauline sikuona kitu.

Toka kwenye jiwe hadi kanisani kuna malango matano. Kwenye kila lango Desmond hupaza sauti, "Hesabu!" nami nahesabu kila anayepita, kisha napita mimi, nafunga, najibu idadi.

Lango la kwanza nilihesabu kumi na mmoja. Nikafunga komeo. Nikalivuta kuhakikisha.

Nikageuka.

Mzee mmoja alikuwa amesimama upande wangu, hatua mbili tu kutoka nilipo.

Sikumwona akipita. Nilidhani karuka ukuta. Alivaa suti nyeusi na tai, na mkononi alishika kofia. Hakuwa na mfuko wala fimbo. Viatu vyake vilikuwa vyeusi, vya ngozi, vimepigwa rangi vikang'aa.

Tope lilikuwa linatufika vifundoni. Viatu vyake vilikuwa safi.

"Mchana mwema, binti," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya watu wa bondeni kabisa, wa zamani.

"Mchana mwema."

"Mko wengi leo."

"Ndiyo."

"Na wewe ndiye wa mwisho?"

"Ndiyo, ni mimi."

"Nyuma yako hakuna mwingine?"

"Hakuna."

Alipumua kama mtu anayetua mzigo. "Vizuri," alisema. "Vizuri sana."

Hapo ndipo nilipokosea. Nilipaswa kumuuliza jina. Lakini kwetu ukikutana na mtu mlimani unamsalimu, unasema neno moja juu ya hali ya hewa, basi. Nilifikiri labda anajulikana na Desmond. Pauline alifikiri anajulikana na mimi. Mtu mnayetembea naye, dakika kumi za mwanzo zikipita hamjaulizana majina, hamwezi tena. Ni kama kumwambia usoni kwamba hukumjali. Kwa hiyo kila mmoja alinyamaza kwa adabu, na kila mmoja alidhani mwenzake anajua.

Pauline hata alimpa biskuti ya tangawizi. Mzee aliipokea, akashukuru. Alitembea nayo mkononi. Hakuila.

Alitembea kando yangu. Nilianza kusikia harufu... Kwanza ilikuwa ya dawa ya nondo, ile inayowekwa kabatini kwenye nguo za sherehe. Halafu chini yake kulikuwa na harufu nyingine. Udongo. Udongo wa chini sana, usioona jua.

"Nimekuwa kazini muda mrefu," alisema, bila mimi kumuuliza.

"Kazi gani, mzee?"

"Langoni. Nasimama tu langoni."

"Mlinzi?"

"Unaweza kusema hivyo. Wa kunipokea hakuja."

"Pole."

"Watu wanapita kila siku. Watembeaji kama ninyi. Lakini wanapita ovyo ovyo, huyu huku, yule kule, lango wanaliacha wazi. Hujui nani wa mwisho." Alitazama reflekta yangu. "Ninyi mna utaratibu. Nimewaona Jumatano nyingi. Nimefurahi sana kuona watu wenye utaratibu."

Tulifika lango la pili. Watu walipita mmoja mmoja. Mzee akasimama akanigeukia, kofia kifuani.

"Nitangulie, binti?"

"Tangulia, mzee."

"Nawe utafuata?"

"Nitafuata."

Alipita. Mimi nikafuata, nikafunga. Lango lilikuwa na bawaba za kutu, na kwa kila mtu lilikuwa limelia. Kwa mtu mnene, kwa mtu mwembamba, kwangu pia. Alipopita yeye halikulia.

"Hesabu!" Desmond alipaza sauti ndani ya ukungu.

"Kumi na wawili!"



"Kumi na wawili? Basi sijapoteza mtu, nimezaa!"

Nilisikia kicheko mbele. Nikasikia pia sauti ya Bibi, ikiuliza jambo, lakini sikuyashika maneno.

Lango la tatu. "Nitangulie, binti? Nawe utafuata?"

"Nitafuata."

Kila nilipojibu hivyo, nilihisi baridi ikipanda kutoka nyayoni. Kwanza vidole. Kisha vifundo. Kwenye lango la nne ilifika magotini, na nilitembea kama ninayetembea ndani ya mto. Nilitaka kumwita Pauline. Mdomo ulifunguka, sauti haikutoka. Kondoo waliokuwa kando ya njia waliinua vichwa. Walitazama mahali alipokuwa mzee. Kisha wakakimbia wote kwa pamoja, bila mlio.

"Si kazi ngumu," alisema mzee. "Utaizoea."

Niliburuta miguu mbele.

"Mwanzoni unasikia baridi. Halafu husikii."

Njia ilianza kuteremka. Ukungu ukapungua, na chini yetu nikaona mnara wa kanisa la Thornskell, na ile miti mieusi ya makaburini, na upande wa pili wa ukuta taa mbili za njano. Basi! Lilikuwa limefika. Lilikuwa limesimama kituoni, linanguruma. Saa yangu ilisema saa kumi na dakika kumi na sita. Basi huondoka saa kumi na dakika ishirini.

Mbele, watu walianza kukimbia, jinsi wazee wanavyokimbia, mikono juu na mifuko ikiruka mgongoni. Njia ya kituoni inakatiza makaburini. Unaingia kwa lango la juu, lile la kale lenye paa, ambapo zamani kasisi alisimama kuwapokea wabebaji. Unapita kati ya makaburi, unatokea barabarani.

Niliona Desmond akipita chini ya paa. Niliona na wengine, kisha Pauline.

Nikabaki mimi na mzee.

Alisimama mbele ya lango. Sasa nilimwona uso vizuri kwa mara ya kwanza. Haukuwa uso mbaya, ila kidevuni palikuwa na kovu. Ulikuwa uso wa mtu aliyechoka kupita kiasi. Macho yake yalikuwa na machozi.

"Nitangulie, binti?" alinong'ona.

Baridi ilikuwa imenifika kiunoni.

"Sema tu. Nitangulie, nawe..."

"Usimjibu!"

Ilikuwa sauti ya Bibi.

Alikuwa anarudi. Alitoka chini ya lile paa, akapanda kilima kuja kwetu, akiburuta goti lake, kofia imemwangukia mgongoni. Baadaye Pauline aliniambia ilivyokuwa. Bibi alimuuliza nani yule wa kumi na mbili. Pauline akamwambia ni muungwana mmoja kavaa kama anakwenda mazikoni, ana kovu kwenye kidevu. Bibi akageuka palepale.

Alisimama kati yetu. Alikuwa akihema.

"Jioni njema, Mzee Calvert," alisema.

Mzee alimtazama usoni.

"Winnie," alisema. "Winnie mdogo wa Ravensett. Umezeeka."

"Wewe hujazeeka. Nilikubebea maua ulipozikwa, nikiwa na miaka tisa."

"Ya zambarau. Nayakumbuka. Nawe ulilia."

"Nililia kwa sababu viatu vilinibana. Mwache mtoto, Mzee Calvert."

"Simlazimishi mtu."

"Najua."

"Ni miaka mingi, Winnie. Hukuwahi kusimama mahali pamoja namna hiyo. Nilisema watamleta fulani, ataletwa fulani. Halafu wakaweka kibao kwamba pamefungwa. Nami nikakisoma. Nilikisoma kila siku."

"Najua," alisema Bibi tena, kwa upole. "Lakini huyu ana miaka kumi na sita."

Kule barabarani basi lilipiga honi.

Bibi alinigeukia. Alianza kunivua reflekta. Mikono yake ilifanya haraka, kama alivyokuwa akinivua nguo zilizolowa nilipokuwa mdogo.

"Bibi, unafanya nini?"

"Goti linaniuma, siwezi kukimbia. Wewe una miguu. Kimbia ukamzuie dereva asituache."

"Twende wote."

"Hattie! Lile basi likituacha tunalala hapa. Unataka kulala hapa? Pita!"

Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Nimekaa miezi mitatu nikiitafuta hiyo hapana, kwa nini haikutoka. Nilikuwa nimeogopa. Mwili wangu wote ulitaka zile taa za njano. Na aliponisukuma begani nilihisi joto likirudi miguuni, na miguu yenyewe ikaondoka nami.

Nilipita chini ya paa. Nilikimbia kati ya makaburi. Nyuma yangu nilisikia sauti ya mzee, ya adabu, ya taratibu.

"Nitangulie, Winnie?"

Na sauti ya Bibi.

"Tangulia. Nitafuata."

Halafu komeo.

Ta.

Niligeuka. Mzee hakuwepo. Kati ya lango na mimi palikuwa na nyasi tupu, na biskuti moja ya tangawizi imeanguka chini. Bibi alikuwa amesimama chini ya paa, ndani ya reflekta ya rangi ya chungwa, mkono mmoja juu ya lango. Alikuwa ametazama upande tuliotoka, kama mtu anayesubiri wageni.

"Bibi!"

Hakugeuka.

Honi ililia mara mbili. Nilirudi mbio, nikamshika mkono. Ulikuwa kama chuma kilicholala nje. Nilimvuta. Alikuja, lakini alikuja kwa shida, kama kuna mtu upande wa pili anamvuta pia.

Desmond alikuwa mlangoni mwa basi. "Mkia! Hesabu!"

Nikahesabu vichwa ndani ya basi. Walikuwa kumi na mmoja pamoja nasi.

"Kumi na mmoja! Safi. Twende, dereva, kabla hawajazaliwa wengine."

"Na yule muungwana?" aliuliza Pauline. "Yule wa suti?"

"Anakaa hapa hapa," alisema Bibi. "Amekwenda kulala."

Wakaanza kusimuliana habari za magoti na chai. Mimi nilimtazama Bibi kwenye kioo cha dirisha. Hakuwa anatazama mbele. Njia nzima mpaka Aldersby alikuwa ameuegemeza uso kwenye kioo, akitazama nyuma.

Daktari anasema Bibi ana ugonjwa wa kusahau. Ana umri wa miaka sabini na nne, huanza hivyo, polepole halafu kwa kasi. Alichora duara akamwambia aweke tarakimu za saa ndani yake. Bibi aliandika saa kumi na dakika ishirini, mara kumi na mbili, kuzunguka duara lote. Daktari alitikisa kichwa akaandika dawa. Huenda ni kweli. Nimesoma karatasi alizotupatia, na mengi yaliyoandikwa humo ndiyo ninayoyaona nyumbani.

Lakini karatasi hazisemi kuhusu baridi. Nalala naye, nampa chupa mbili za maji ya moto, na asubuhi maji yameganda pembeni.

Hazisemi pia kuhusu Jumatano. Jumatano tu ndiyo anaamka anajua anachotaka. Anavaa mwenyewe. Anakaa mlangoni na kofia yake. Nisipompeleka, anapiga kelele mpaka jirani anagonga ukuta. Kwa hiyo nampeleka. Tunapanda basi la saa saba na dakika kumi hadi Thornskell, sisi wawili. Tunaingia makaburini kwa upande wa barabara, nami nakaa kwenye benchi, naye anakwenda kusimama chini ya paa.

Pale goti halimuumi. Mgongo unanyooka. Mashavu yanapata rangi. Watembeaji wakipita anawafungulia, anawatakia mchana mwema, nao wanamjibu na kumsifu. Mmoja aliniambia, "Bibi yako ni mchangamfu sana! Anafanya kazi hapa?"

Nilisema ndiyo.

Na kila Jumatano tunaporudi anakuwa ameacha kitu kule. Wiki moja aliacha majina ya majirani. Wiki nyingine jina la mama yangu, mtoto wake wa kumzaa. Nilimwonyesha picha. Alisema, "Msichana mzuri. Bado yuko hai?"

Nilikwenda kumwona kasisi nikamuuliza kama wanaweza kuzika mtu pale tena. Mtu yeyote. Hata mtu mmoja. Alinitengenezea chai. Alisema anaelewa kwamba nimepitia mengi, ila makaburi yale yamefungwa kisheria na hayatafunguliwa. Akaniuliza kama bado naweza kurudi shule.

Jumatano iliyopita mvua ilikuwa kubwa na hapakuwa na watembeaji. Nilikwenda kumchukua Bibi mapema. Nilipokaribia lango niliona anatabasamu, macho yake maangavu kabisa, kama zamani. Alinitambua. Alinitambua kweli!

"Hattie," alisema. "Umekonda, mwanangu. Unakula?"

Nilianza kulia. Nilimwambia nakula.

"Sikiliza." Alishusha sauti, ingawa tulikuwa peke yetu. "Ukinifuata, nitarudi nyumbani. Nitarudi nikiwa mzima. Najua, maana yule alipopita mbele yangu nilisikia alivyofunguka. Nitakupikia. Nitakumbuka kila kitu. Ni kutoka tu nje ya lango hili, tukasimama kidogo, tukaingia tena. Mimi mbele, wewe nyuma."

"Na mimi je, Bibi?"

Alifikiri. Mvua ilikuwa inapiga paa. Nilikuwa nangoja aseme hapana, aseme nimekosea, usinisikilize, kimbia. Bibi yule aliyerudi kilimani na goti bovu angesema hivyo.

"Mwanzoni unasikia baridi," alisema.

Kisha akanishika shavu, kwa upendo. Nasema kweli, ulikuwa upendo.

"Sitakulazimisha. Naye hakunilazimisha."

Ndani ya basi alikuwa ameshanisahau. Alinipisha kiti kwa adabu akaniuliza kama nashukia mbali.

Nimefikiri wiki nzima. Mchana nafikiri hivi, usiku nafikiri vile. Leo jioni nimemwosha miguu, nimemvalisha soksi za sufu, nimemlaza. Nimesimama mlangoni kusikiliza kama anapumua. Anapumua. Amelala na mkono mmoja nje ya blanketi, ameushika ukingo wa kitanda jinsi mtu anavyoshika lango.

Kesho ni Jumatano. Basi ni saa saba na dakika kumi.

Bado sijaamua nani atatangulia.